Imebaki Kidogo Tu

Mama Sharadamma mpendwa,

Pole na mizigo yetu unayotwishwa kila Jumapili. Nyumbani kwetu bibi hukusoma gazetini kwa sauti wakati wa kifungua kinywa, kabla hata hajafungua ukurasa wa tanzia, na ukimgombeza mtu yeye hugonga meza akasema "mpe huyo, mpe", kwa hiyo nakuomba, majina ya watu nimeyabadili na uyaache hivyo hivyo, isipokuwa la dereva wa boza la maji, huyo sina sababu ya kumsitiri, lichape kama lilivyo, na mimi niite Wa Dirishani, maana dirisha ndilo lililonifikisha hapa.

Mimi ni kijana wa hapa hapa Bengaluru, nimezaliwa Malleshwaram na hadi leo nalala chumba kile kile nilicholala nikiwa mtoto, na tangu mvua za mwaka huu zianze nimeajiriwa kuandika programu za kompyuta katika kampuni ndogo kule Jayanagar, juu ya duka la dawa, watu wachache, viti vya kuzunguka, na harufu ya kahawa inayopanda ngazi kutoka mgahawa wa chini tangu asubuhi. Siku ya kwanza nilipewa kiti cha dirishani. Nje kuna mti mkubwa wa mvua ambao matawi yake yamevuka barabara, na majani yake hujikunja mawingu yakija na kufunguka jua likirudi, na mimi, mama, nikiutazama mti ule kichwa changu nacho hufunguka, sijui nieleze vipi, programu siioni kama maandishi kama wanavyoiona wenzangu, naiona kama nyumba yenye vyumba vingi na maji yanapita chumba hadi chumba, nami natembea ndani yake peku, polepole, hadi nifike pale yalipoziba.

Usidhani ni maneno tu. Programu tunayoijenga ni ya maboza ya maji, na wewe unaujua mji huu kiangazi kikibana, kila mtaa una namba ya dereva wake na kila dereva ana uongo wake, sasa hii yetu itapokea maombi ya watu, itachagua boza gani liende nyumba gani, na itamwambia mwenye nyumba kwenye simu yake maji yanafika lini hasa. Nilipoingia walikuwa wamekwama. Katika majaribio maboza mawili yalikuwa yakitumwa mtaa mmoja na mtaa wa pili unabaki mkavu, wakubwa wakatafuta kosa hadi wakaanza kununiana, mimi nikatazama mti wangu, nikatembea vyumba vyangu, na jioni nikasema kwa sauti ndogo kwamba labda mtaa ule umeingizwa kwenye ramani mara mbili, kwa jina la zamani na kwa jina la sasa. Wakaangalia, ikawa ndivyo. Dada Vasundhara, kiongozi wetu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu, akaja akasimama nyuma ya kiti changu akachungulia dirishani kutafuta nilichokuwa nikikitazama. "Huyu mwacheni aote," akasema. "Anaota kwa faida." Ofisi nzima ikacheka, nami nikafurahi mno, na siku hizi naona furaha ile ndiyo iliyoniharibu.

Kwa sababu kesho yake akanikabidhi moyo wa programu, ile sehemu yenyewe inayochagua boza na kumwambia mtu lini, kazi ambayo mtu mpya hapewi, na mimi niliuona moyo ule wote kwa asubuhi moja, mama, niliuona ukidunda. Niliuona mji huu kutoka juu kabla hakujapambazuka vizuri, ukungu umelala juu ya maziwa, taa za maboza zinatoka visimani moja moja na kutawanyika kwenye mitaa bila kugongana, bila kupigiana honi, na kwenye kila nyumba simu inalia kidogo tu, ya upole, na nikamwona bibi yangu ameketi kibarazani anamenya maharage ya avare, anasoma simu, anaiweka chini, anaendelea kumenya. Niliona hadi maganda yake kwenye sinia.

Maana bibi ndiye aliyenifanya niipende kazi hii. Siku za maji husimama getini na ndoo zake akimpigia simu dereva wa boza, Ningappa, na Ningappa humwambia, "Niko hapo kona, bibi, nafika sasa hivi," na bibi humjibu, "Kona gani hiyo isiyokwisha, mwanangu? Wewe hata mswaki hujapiga." Nikimwambia aingie ndani apumzike hukataa, kwa kuwa boza lisipomkuta mtu getini hupita moja kwa moja. "Kuchelewa si neno," huniambia, "maji hayana mbawa. Aseme tu bado, nikakae."

Sasa ofisini kwetu kila asubuhi, kabla hatujaketi, tunasimama duara na kila mtu anasema jana alifanya nini, leo atafanya nini, na amekwama wapi. Zamu yangu ilipofika asubuhi iliyofuata nilisema, "Imebaki kidogo tu." Sikuwa nadanganya, au sikujua kama nadanganya, kwani nilikuwa nimeshaiona yote, imekamilika, imepakwa rangi, kilichobaki ilikuwa ni kuiandika. Dada Vasundhara akatikisa kichwa kile cha kuridhika, akamtupia aliye pembeni yangu jicho la kusema unaona, na duara likaendelea.

Kisha nikaketi kuandika, na hapo ndipo maji yalipoziba. Boza moja likichelewa njiani, tuseme limenaswa kwenye foleni, nyumba zote zinazolisubiri inabidi zipangwe upya, na zikipangwa upya maboza mengine yanabadili njia, na hayo yakibadili njia nyumba nyingine nazo zinapangwa upya, na kompyuta yangu inapanga na kupanga bila kurudi na jibu, feni yake inavuma hadi jirani yangu anageuka, nami naizima, nafuta, naanza upya, kwa sababu nikifumba macho bado inakwenda vizuri kabisa, maboza yanapishana kwa adabu kama wageni mlangoni, na nikifumbua hakuna hata boza moja lililotoka kisimani. Asubuhi ikifika tunasimama duara. "Imebaki kidogo tu," nasema. Na kesho yake. Na wiki iliyofuata. Kuna siku nilijisikia nikisema kabla hata sijafikiria, mdomo ulisema wenyewe.

Jirani yangu huyo tumwite Riyaz, ndiye anayetengeneza ukurasa ambao watu watauona kwenye simu zao, na ukurasa wake hauna cha kuonyesha mpaka moyo wangu udunde, kwa hiyo amebandika maneno ya kujishikiza, ukibonyeza popote unaambiwa boza linakuja. Huniuliza kwa utani, "Vipi, kaka, kamoyo ketu kameanza kupiga?" nami nacheka na kusema kile kile. Kwa kuniamini ameomba ruhusa, amemwahidi binti yake mdogo kwamba watakwenda Mysuru kuwatazama tembo wa sikukuu ya Dasara. Kila siku ananionyesha mchoro mwingine wa tembo ambao mtoto amechora, na mimi nausifia.

Hapo ndipo naelekea, mama, kwenye sikukuu. Wiki ijayo ni Ayudha Puja, siku ya kuvipamba vyombo vya kazi, na dada Vasundhara ameshaagiza migomba ya kufunga mlangoni, bisi za mchele na boga la kuvunja, kompyuta zote zitafungwa, zitapakwa manjano na kuvishwa maua, na hakuna atakayegusa yake hadi kesho yake, siku njema ya kuanza jambo, ndipo programu itawashwa kwa mitaa ya kwanza, na atakayebonyeza kitufe ni mimi. Alinitangaza mbele ya duara. Na baada ya hapo ndipo atakapoamua kama nibaki au majaribio yangu yameishia hapo. Naitaka kazi hii kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Nikiwaza kwamba kiti kile atakikalia mtu mwingine, atautazama mti wangu na asione kitu, usingizi unanipaa.

Nilipokuwa mtoto hakuna siku niliyoipenda kama ya Ayudha Puja. Bibi aliviweka vitabu vyangu vya shule mbele ya miungu ya nyumbani, pamoja na mkasi wake na cherehani ya mama yangu, akavipamba, na ilikuwa mwiko kuvigusa. Mimi nililala chali kwenye sakafu yetu nyekundu yenye ubaridi nikitazama vumbi likielea kwenye mwanga, mchana kutwa, ilikuwa siku pekee ya mwaka ambayo hakuna aliyeniuliza unafanya nini. Sasa nimefikia kuwaza kwamba siku hiyo hiyo nitaingia ofisini peke yangu, niivue kompyuta yangu maua, niifungue, nimalize, niivishe tena. Nimewaza pia kuugua. Nimewaza kumkubalia mjomba, ana duka la vyombo kule Chickpet na kila mara ananiambia njoo, huku mtu akitaka sufuria unampa sufuria, hakuna cha kuota.

Naomba unijibu Jumapili hii, mama, kwa sababu Jumapili nyingine sikukuu itakuwa imeshapita. Je, mimi ni mfanyakazi au ni mwotaji tu aliyepewa kiti kwa makosa? Nifanye nini nisipoteze kiti kile?

Mimi wako,
Wa Dirishani, Malleshwaram

*

Wa Dirishani,

Barua yako ni ndefu kuliko programu yako. Nimeisoma, nikachemsha kahawa, nikaisoma tena, na neno la kwanza ninalokuambia ni kwamba mkono wako haujaharibika. Uliketi ukaandika kurasa hizi zote, zina mwanzo, zina katikati, ukazipeleka posta. Kumbe kumaliza unajua. Unajua kumaliza pale ambapo huogopi kuonekana.

Pili, sitaki kusikia habari za sufuria. Chickpet mjomba wako atakufukuza kabla ya chakula cha mchana. Mteja atataka sufuria, wewe utakuwa unatazama mwanga ulivyolala ndani ya sufuria, mteja ataondoka. Wenye duka lile wana kazi yao na wanaiheshimu, usiwapelekee aibu yako wakutunzie.

Na kuota kwako si kosa. Nimekaa na watu wengi, mwanangu, wengi wao hawaoni hata kilichowekwa mezani. Wewe uliona mtaa ulioandikwa mara mbili wakati wakubwa wananuniana. Uliniandikia maganda ya maharage kwenye sinia ya bibi yako, nami nikasikia harufu yake hapa nilipo, na msimu wa avare bado. Hiyo ni mali. Lakini ukungu juu ya ziwa, hata uwe mzuri vipi, hakuna aliyewahi kujaza ndoo kwa ukungu. Uliiona nyumba imekamilika kichwani ukawaambia watu wahamie. Riyaz ameshahamia na mtoto wake na michoro ya tembo, na hakuna paa.

Kwa kuwa sijui kuandika programu, nilimpigia simu Anasuya, mtoto wa kaka yangu, ambaye ameifanya kazi hiyo kule Whitefield hadi nywele zimeanza kuota mvi. Nilimsomea pale pa duara. "Shangazi," akasema, "unanisema mimi?" Nikamwambia kuna kijana. "Basi mwambie wote tumelisema neno hilo. Imebaki kidogo ndiyo sala yetu ya asubuhi. Mimi nilimwambia bosi wangu hivyo hadi mteja akaja na sanduku la peremende kusherehekea, na mimi sina kitu." Nikamuuliza alifukuzwa? "Sikufukuzwa. Ila ilipita muda mrefu kabla hajaniuliza tena swali akaamini jibu. Ningechagua kufukuzwa."

Nikamsomea na pale maboza yanapozunguka. Alicheka, lakini si cheko la ubaya. "Nani kamwambia aipange upya dunia nzima?" akasema. "Boza likichelewa, programu iseme limechelewa, basi. Kupanga upya kutakuja mwezi mwingine. Kiongozi wake angemkatia hilo kwa maneno mawili, lakini atalikataje wakati ameambiwa limeshakwisha?" Unasikia? Huenda ukuta unaougonga kwa kichwa si lazima uwepo hapo. Dada Vasundhara ndiye mwenye mamlaka ya kuubomoa, na wewe umemfumba macho kila asubuhi kwa adabu.

Sasa sikiliza, na safari hii usitazame nje.

Siku ya sikukuu hutaigusa kompyuta. Nikisikia umeivua maua nitakuja mwenyewe Jayanagar. Wala hutaugua. Ukitaka kujua kwa nini, ni kwamba Ayudha Puja si siku ya kujificha nyuma ya maua, ni siku ya kukishukuru chombo, na chombo hakishukuriwi kwa kukinyatia kama mwizi. Siku hiyo ulale chali kwenye sakafu yenu nyekundu kama zamani, uote mpaka macho yachoke. Utalala vizuri zaidi ukiwa huna cha kuficha, na nadhani ndiyo maana ulilala vizuri ukiwa mtoto.

Kesho Jumatatu uwahi ofisini. Umngoje Riyaz chini kwenye ule mgahawa, umnunulie kahawa, umwambie yeye kwanza, kabla ya duara, maana yeye ndiye uliyemkosea kuliko wote. Usianze na maboza yanayopishana kwa adabu. Sema, "Kaka, moyo haujaanza. Nilikuambia uongo." Akikasirika mwache akasirike, amestahili. Umwambie pia kwamba kama kuna mtu wa kubaki ofisini wakati wa Dasara, ni wewe. Yule mtoto awaone tembo wake. Kisha mpande ngazi, msimame duara, na zamu yako ikifika useme vile vile mbele ya dada Vasundhara, kwa sauti ya kusikika, na uonyeshe mahali ulipokwama. Kitufe akibonyeze atakayechaguliwa.

Kama atakuacha ubaki, na sikuahidi, kuanzia hapo unaota asubuhi, kwa kalamu mkononi. Chora hiyo nyumba yako. Halafu mega kipande kidogo kabisa, kidogo hata ukionee haya, boza moja, nyumba mbili, hakuna foleni, ukiandike na ukiwashe siku hiyo hiyo ukione kinatembea kwa macho yaliyo wazi. Kesho ongeza nyumba ya tatu. Anasuya anasema wanaoitwa mahodari huko kwao wanafanya hivyo tu, wana vipande vidogo na hawaoni haya. Ukikwama, agiza kahawa yako. Ikiisha kikombeni na bado umekwama, inuka ukaulize, aliye karibu, yeyote. Hujaajiriwa kujua, umeajiriwa maji yafike. Na kwenye duara useme ulichokiona kikitembea, na lile neno lako lisitoke tena mdomoni mwako maadamu unaishi mji huu.

Uliniuliza wewe ni mfanyakazi au mwotaji. Mwanangu, rudi kwenye barua yako mwenyewe, uliniandikia jibu ukalipita bila kulitazama. Bibi yako amesimama getini na ndoo. Kuna mtu kwenye simu anamwambia niko hapo kona, nafika sasa hivi, na hajatoka kisimani. Unamchukia mtu huyo kiasi kwamba jina lake ndilo pekee uliloliacha lichapwe. Umejifunza kazi ngumu ili watu kama bibi yako wasidanganywe tena, na kila asubuhi ukaenda kusimama duara, ukawaambia watu wanaokusubiri uko hapo kona.

Halafu hilo jina. Umeficha la Riyaz, umeficha la Vasundhara, la kwako umelifunika kwa dirisha, ukaniagiza nimwache Ningappa kama alivyo. Nikamwacha. Ni Malleshwaram ngapi zilizo na Ningappa wa maji, bibi mwenye ndoo na mjukuu anayeandika programu Jayanagar? Uliota wakati unaandika, hukufikiria ni nani anayenisoma kwa sauti mezani kwenu.

Kwa hiyo sasa bibi yako amefika mstari huu. Amelishusha gazeti na anakutazama, na safari hii hagongi meza. Usigeukie dirishani. Mwambie, "Bibi, bado." Utaona atavuta kiti akae.

Sharadamma